Leso Juu ya Maji ya Mtongwe

Asubuhi, Mtongwe, mwangaza haukai mahali pamoja. Hushuka juu ya maji ya Kilindini ukavunjika vipande, kipande huku, kipande kule, na ukikitazama hiki, kile kimeshahama. Ukitaka kuushika haushikiki, ukitaka kuufuata haufuatiki. Mwangaza wa namna hiyo humsumbua mtu aliyezoea kuambiwa jambo moja kwa wakati mmoja, na ulimsumbua Ishaka. Alikaa juu ya mtumbwi wake uliopandishwa mchangani, kafi mapajani, akitazama maji yakimeremeta, na mbele yake wanaume wazima, wenye ndevu zao na wake zao, wamelala kifudifudi juu ya mchanga mkavu wakiogelea.

Cheka, lakini ngoja kwanza nikueleze.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa madaraka, uhuru bado. Bendera ya Mwingereza ilikuwako, bendera nyekundu ya Sultani ilikuwako, na ya tatu ilisemwa yashonwa, hakuna aliyeiona. Asubuhi unaamka mtu wa Kenya. Adhuhuri yuaja mtu akwambia la, wewe ni wa Mwambao, na Mwambao una wenyewe. Jioni lapita gari lenye kipaza sauti lasema Pwani itakuwa jimbo lijitawale. Mtu alitoka kwenda kununua muhogo Likoni akarudi nyumbani hajui ni raia wa wapi, na muhogo wenyewe kausahau.

Katikati ya vurugu hiyo wazee wa Mtongwe wakaitisha watu wa kujitolea, wapiga kafi, wenye mitumbwi na wasio na mitumbwi. Shida ilikuwa Siku ya Mwaka. Mwaka wa Waswahili ukigeuka, watu hushuka baharini alfajiri wakaoga, wakarudi wakala, na wakishakula hupanda mashua wakatembea majini kwa raha tu. Hawavui, hawasafiri, hawana waendako. Wanaimba. Mwaka uliotangulia mashua moja ilijaa nyimbo kupita kiasi, ikapinduka, na msichana mmoja aitwaye Tumu hakurudi. Mtongwe haikutaka Tumu mwengine. Ishaka, aliyekuwa akivusha nazi na mboga kwa mtumbwi kila siku ya Mungu, alijitolea wa kwanza, kwa sababu kilio cha mama yake Tumu kilikuwa hakijamtoka masikioni.

Aliyewafundisha ni Mbarak, mtu wa Kipevu, aliyefanya kazi kwenye tagi za bandari, zile mashua za kuvuta meli, mpaka magoti yakamkatalia. Alikuja na firimbi, na kamba, na majaketi ya kuelea yaliyoshindiliwa sufi, ile ile ya mito ya kulalia, na watu wakauliza mtu ataokokaje kwa kuvaa mto. Akawalaza mchangani awafunze mikono, kwa sababu, alisema, ukijifunza majini utajifunza kuogopa kwanza. Akawafundisha kusogelea mashua iliyojaa kupita kiasi, karibu, taratibu, uwaambie wakae chini. Akawafundisha na namna ya kumtoa mtu aliyekwisha kuanguka majini.

"Kwanza mnyoshee kafi," alisema Mbarak. "Asiposhika, mwendee kwa nyuma. Mkono upite kifuani, kichwa chake kilale begani mwako. Na useme naye. Mtu anayezama akisikia sauti, hurudi kidogo."

Anayezama, siku zote za mafunzo, alikuwa Boga. Boga mchonga mitumbwi, tumbo lake mbele, maskhara yake mbele zaidi. Alizama kwa ufundi, akalia kwa ufundi, akamwita mamake, akamwita mkewe, akaita na watu ambao wanawake wa pale waliyakumbuka majina yao baadaye. Siku moja, kichwa chake kimelala begani kwa Ishaka, akafungua jicho moja akauliza.

"Mwalimu, na anayezama akiwa ni mkweo?"

Wanaume wakacheka mpaka kafi zikawaanguka. Mbarak akakuna kichwa. "Baharini hakuna mkwe," akasema, lakini alilisema kama mtu ambaye hangetaka kuulizwa mara ya pili.

Ishaka hakucheka. Ishaka wa watu, neno liliingia likakaa.

Kwa maana Ishaka alikuwa na mkwe, na mkwe wa Mtongwe si mchezo. Bi Mwanabibi, mamake mkewe, nyumba yake iligusana na yao kwa ukuta mmoja wa uwa. Tangu siku ya harusi Ishaka hajamtazama usoni, wala yeye hajamwonyesha uso. Akitokea njiani, Ishaka hushuka kando ya njia akakitazama kidole chake cha mguu. Akitokea Ishaka, Mwanabibi huvuta leso, kanga yake ya kujitanda, juu ya kichwa akageukia mnazi wa karibu. Ndiyo adabu, ndiyo heshima, na usiniulize ilianza lini.

Lakini walikuwa wakipendana. Hilo nalisema wazi, kwa sababu mgeni angeona watu wawili wanaokimbiana akadhani kuna ugomvi. Kila asubuhi Ishaka alisimama upande wake wa ukuta akasema, "Sabalkheri, mama. Umeamkaje?" Na upande wa pili sauti ikajibu, sauti nzito yenye kicheko ndani yake, "Njema, mwanangu." Kisha sauti ikamgeukia bintiye kana kwamba Ishaka ameshaondoka: "Mwanatatu, mwambie mumeo mbaazi ziko kwenye bakuli la bluu, na hamri za moto. Mwambie asile amesimama kama punda." Ishaka akala ameketi. Mamake mwenyewe alikufa Ishaka angali mdogo, na sauti ile nyuma ya ukuta ndiyo mama aliyekuwa naye. Alimjua kwa kikohozi, kwa mwendo wa kandambili zake, kwa namna alivyoshtaki kuku wake kwa Mungu. Uso hakuujua.

Sasa tazama jambo lenyewe. Mtu huyo, akizama, utamshika?

Akamuuliza Maalim Khatibu baada ya alasiri. Maalim akashangaa kuulizwa. "Sharia haikukatazi," akasema. "Mamake mkeo ni maharimu wako milele, waweza kumshika mkono ukamvusha barabara. Kinachokukataza ni ada ya mababu zenu, si Kitabu." Ishaka akatoka msikitini nafuu kidogo. Akamuuliza mzee wa mtaa, mzee akaghadhibika. "Umshike mkweo kifuani, mbele za watu? Bora uhame." Akamuuliza mkewe. Mwanatatu alikuwa akichagua mchele, akainua uso. "Mamangu hapandi mashua," akasema, "ana kizunguzungu." Na hapo akaona jibu limepatikana, akarudi kwenye mchele wake.

Ee Mtongwe, mji wa kauli nyingi, kwani ulishindwa kumpa mwanao kauli moja? Maalim asema shika, mzee asema hama, mwalimu asema hakuna mkwe, mke asema hapandi. Na Ishaka kafi mkononi, aliyejua kuvuka Kilindini amefumba macho, akawa hajui mkono wake ni wa nani.

Siku ya Mwaka ikafika, na upepo wa kusi ulikuwa umelegea kidogo asubuhi hiyo, kama mtu anayejizuia mbele ya wageni. Watu walioga alfajiri, wakala, wakashuka tena pwani na marashi na vigoma. Mashua zikajaa. Wapiga kafi wa kujitolea wakatawanyika, wawili wawili, firimbi shingoni, na Ishaka akapangwa na Boga. Watoto wakawazomea kwa yale majaketi. Boga akawapungia mikono kama gavana.

Mashua ya mwisho kuondoka ilikuwa ya akina mama, ikapita kando ya pwani, na nyimbo zake zikaja mbele yake. Kulikuwa na mmoja akitoa wimbo na wengine wakipokea. Ishaka akaacha kupiga kafi. Sauti ilikuwa nzito, ina kicheko ndani yake.

"Boga," akasema, "mkwe wangu, asiyepanda mashua, yumo mle."

"Mwache aimbe," akasema Boga. "Mwaka ni wa wote."

Lakini mashua ilikuwa imezama mpaka karibu na ukingo, na wanawake wengine wamesimama, wanapiga vigelegele. Ishaka aliona kama aonavyo mtu mwenye macho, na alikumbuka vile alivyofundishwa. Sogelea. Karibu, taratibu. Uwaambie wakae chini. Akatia kafi majini, akaisogelea mashua kwa upande wa kushoto, akapuliza firimbi, akafungua kinywa aseme.

Hakuwahi. Mwanamke mmoja aligeuka akamwona, akasema, "Mwanabibi, mkweo huyo."

Na Mwanabibi akafanya alilolifanya kila siku ya maisha yake. Akavuta leso juu ya kichwa, akainuka, akahamia upande wa kulia, mbali na mkwewe. Rika lake zima lilikuwa mle ndani, na kwa Mtongwe, wa rika la mkweo wote ni wakwe zako. Nao wakavuta leso. Nao wakainuka. Nao wakahamia kulia, wote, kwa pamoja, kwa heshima ya Ishaka, aliyekuja kuwaambia wakae.

Mashua ikainama upande ule ikawamwaga.

Sitakuelezea mayowe. Boga aliruka na tumbo lake lote, na mara hii hakufanya maskhara, akawakamatisha wanawake ubavu wa mashua mmoja mmoja, akawarushia majaketi ya sufi, na mitumbwi mingine ikaja mbio. Ufuo ulikuwa karibu. Wote walishika kitu, ila mmoja. Maji ya kupwa yalimchukua Mwanabibi peke yake, kuelekea kwenye kina, na Ishaka akampigia kafi mpaka mabega yakamlia.

Alipomfikia, aliona kitu ambacho hakijamtoka mpaka leo. Mwanabibi alikuwa akipiga maji kwa mkono mmoja tu. Mkono wa pili ulikuwa kichwani, unavuta leso. Leso imelowa, inateleza, anairudisha, na kila akiirudisha anazama, akiibuka anairudisha tena. Ishaka akamnyoshea kafi, ikamfikia kifuani.

"Shika kafi, mama," akasema. "Tafadhali shika."

Akageuza uso upande wa pili. Anazama, na amempa mkwewe heshima yake. Na Ishaka naye, wallahi sikufichi, aliangalia pembeni. Kwa kitambo kifupi walikuwa watu wawili katikati ya bahari, mmoja anakufa na mwengine anamwacha afe, na kila mmoja ana adabu. Ndani ya kichwa chake Maalim alisema shika, mzee alisema hama, wote wakasema pamoja. Kisha mkono uliokuwa na leso ukashuka chini ya maji, haukupanda.

Ishaka akaruka. Hakuamua, mwili uliruka ukamwacha yeye akiamua. Akamwendea kwa nyuma, mkono ukapita kifuani, kichwa kikalala begani mwake, kichwa kitupu, mvi zimelala kama nyuzi za nazi kuukuu. Leso ikaondoka na maji, ikafunguka yote, maua yake yakitazama juu. Sasa ilibaki kusema. Mtu anayezama akisikia sauti, hurudi kidogo. Lakini utamwambia nini mkweo ambaye kichwa chake kimelala begani mwako? Kinywa cha Ishaka kilitafuta, hakikupata, kikasema kile kilichozoea kusema kila asubuhi.

"Sabalkheri, mama. Umeamkaje?"

Mwanabibi akakohoa maji, akavuta pumzi kama anayeng'oa kisiki. "Njema, mwanangu," akajibu kwa mazoea, kisha akaanza kulia.

Ufuoni wanawake wakamzunguka kwa leso zao, ukuta wa leso, wakamwondoa. Hakuna aliyekufa. Mbarak akamkumbatia Ishaka, akampiga mgongoni, akasema kazi ndiyo hiyo. Na nyuma ya Mbarak Ishaka akasikia mwengine akisema, si kwa siri sana, kwamba kama yule kijana angekaa mbali, mashua isingepinduka. Na mwengine akasema, na alivyomshika, mmeona alivyomshika.

Kesho yake Ishaka alisimama upande wake wa ukuta. Akaamkia. Upande wa pili kandambili zilisimama, kisha zikaingia ndani. Hapakuwa na jibu, wala mbaazi, wala bakuli la bluu. Keshokutwa vivyo hivyo. Wiki zikapita namna hiyo. Hata kuku hawakushtakiwa tena.

Ilimuuma, ndugu yangu, ilimuuma kuliko alivyojua kueleza. Alikuwa amemtoa mtu majini na kumpoteza nchi kavu. Akalala akiulizana na nafsi yake. Nisingesogea, asingehama. Asingehama, nisingemshika. Nisingemshika, angekufa. Lakini nisingesogea. Akazunguka hapo hapo, kama mtumbwi unaopigwa kafi upande mmoja. Aliokoa au alipindua? Alimheshimu alipomshika, au alipoangalia pembeni? Mwanatatu alichoka kubeba kimya cha nyumba mbili. "Mamangu hasemi, na wewe husemi," akasema. "Mmeniachia mimi kuta." Ishaka akapandisha kafi juu ya boriti, nazi zikavushwa na watu wengine.

Uhuru ukakaribia. Sasa ikawa yakini, Desemba, na ile bendera ya tatu ikaonekana kwenye picha, na watu wakaanza kujiandaa, wengine kwa furaha, wengine kwa kukunja uso, wengi kwa vyote viwili. Mbarak akarudi Mtongwe na kamba zake. Siku ya uhuru, alisema, Mombasa nzima itataka kutembea baharini, na wapiga kafi zaidi watahitajika. Ishaka akashuka pwani asubuhi kumrudishia firimbi yake. Alishapanga maneno. Angesema mkono wake si wa kazi hiyo, amtafute mtu asiye na mkwe.

Akakuta watu wapya wamekaa mchangani, na Boga amelala mbele yao tayari kuzama. Hajafungua kinywa, akasikia kandambili.

Walikuwa akina mama wa ile mashua, karibu wote, wametoka kwenye minazi kundi moja. Mbele yao Mwanabibi. Leso yake ilikuwa mabegani. Ishaka akashusha macho upesi kwenye kidole chake cha mguu, akangoja ageukie mnazi, apite.

Hakugeuka. Akaja mpaka kwa Mbarak.

"Huyu Boga hafai kuzama," akasema. "Kila mtu ajua yuaelea. Nizamisheni mimi."

Mzee wa mtaa, aliyekuwa kando, akainuka akajikung'uta kanzu, akaketi tena. Mwanabibi akawageukia wanawake wenzake.

"Nilikaa ndani siku zote hizi nikimwonea Ishaka haya," akasema. "Kila nikisikia ameniamkia, nilitamani ardhi inimeze. Nikajiuliza, haya ya nini? Ya kushikwa? Si ya kushikwa. Nilinyoshewa kafi nikageuza uso. Mtoto wa watu nilimfanya achague, na yeye akachagua vyema, na mimi nikamnyima hata mbaazi." Akaigusa leso mabegani. "Mkono mmoja nilikuwa nao wa kushikia roho, nikashikia leso. Nyinyi mngefanya vile vile, nawajua. Basi njooni mjifunze."

Kisha akamgeukia yeye, si mlangoni, si ukutani, si kwa kinywa cha Mwanatatu.

"Ishaka, njoo unishike. Uwaonyeshe."

Ishaka akainua macho. Uso ulikuwa mwembamba kuliko sauti yake, na una kovu dogo kando ya kidevu ambalo hakuna aliyewahi kumwambia habari zake. Hakujua atazame wapi pa uso ule, akatazama kote. Hakujua kama ni sawa. Mzee alikuwa pale pale, ada ilikuwa pale pale, kesho watu wangesema na keshokutwa wangesema tena, na yeye hakujua angewajibu nini. Machozi yalimtoka, hakuyapangusa.

Wakaingia majini, yeye na mkwewe, mpaka kiunoni. Mwangaza ulivunjika pande zote mbili zao, ukapanda kwenye kidevu cha Mwanabibi, ukapanda kwenye kovu, hauwezi kukaa mahali pamoja. Ishaka akazunguka nyuma yake. Mkono ukapita kifuani, kichwa kikalala begani, kizito, kitupu, na wakwe zake wote wa Mtongwe, leso mabegani, wakaingia majini wakasogea karibu waone.